Ng'ombe Wasio Wetu

Karani wa baraza alifika kwetu asubuhi, ng'ombe wakiwa bado zizini. Angechelewa kidogo tu angekuta zizi tupu na samadi inayofuka mvuke, akaandika alichokiona, na mambo yangekwisha upesi. Lakini alikuja mapema, kwa baiskeli. Akaiegemeza kwenye ua wa minyaa, akasimama mlangoni pa zizi akitazama pembe.

Nilikuwa nimechutama ubavuni mwa ng'ombe mwekundu, nakama. Nilimwona kabla hajaniona. Suruali yake ya kaki ilikuwa imebanwa vifundoni isiingie kwenye mnyororo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeanza kuchoka kabla siku haijaanza.

"Mwangaluka," akasema.

"Mwangaluka. Karibu ndani, baba yupo."

"Asante, dada. Nitamsubiri hapa hapa. Nilichokuja kukitazama kipo hapa."

Nikajua amefuata nini.

Jina lake lilikuwa Gregory. Mbali na kuandika kodi, kazi yake ilikuwa kuwazungukia watu walioomba baraza liwalipie watoto wao masomo, aone kama kweli ni watu wa kusaidiwa. Na sisi tulikuwa tumeomba.

Kaka yangu Cornel alikuwa dresa katika zahanati ya mgodi wa dhahabu, huko Geita. Alianza kwa kufunga vidonda. Kisha daktari wa mgodi, Mzungu asiyependa kazi ya meno, akamwachia koleo, na wachimbaji wakaona mkono wa Cornel ni mwepesi kuliko wa daktari. Basi kila mwenye jino akawa anamtaka yeye. Daktari hakukasirika, alifurahi. Akamwandikia barua Dar es Salaam, Cornel akapata nafasi ya kusomea meno miaka miwili. Nafasi ilikuwa yake. Kilichokuwa hakipo ni karo, chakula na vyombo vya kujifunzia, na mshahara wa dresa haukufika hata nusu ya safari. Baraza lilikuwa na fungu la kumlipia mtu mmoja mwaka ule. Sharti lilikuwa hilo moja: awe ametoka katika nyumba isiyoweza kulipa.

Na nyumba yetu haikuweza. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, yule wa pembe moja. Wengine wote waliojaa lile zizi hawakuwa wetu.

Msukuma yeyote atanielewa hapa bila maelezo, lakini nieleze kwa ajili ya wengine. Mtu mwenye ng'ombe huwa hawaweki wote mahali pamoja. Anamwekea rafiki yake kadhaa, awachunge. Mchungaji anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na mwenye mali akiridhika, siku moja anampa mtamba awe wake. Mwenye ng'ombe akitaka iwe siri, inakuwa siri. Mchungaji akitaja jina la mwenye mali bila ruhusa, hakuna mtu atakayemwekea hata mbuzi tena, maisha yake yote.

Baba alitoka akijifuta uso. Anaitwa Valerian, mtu mrefu, mpole, anayesema maneno machache kama vile anayanunua dukani.

"Mzee Valerian, shikamoo."

"Marahaba, karani."

"Nimekuja kwa ajili ya Cornel. Nimesoma maombi yenu, yameandikwa vizuri. Mmeandika mna ng'ombe mmoja."

"Ndiyo. Yule pale, wa pembe moja."

Gregory akamtazama wa pembe moja. Akawatazama na wenzake. Fahali mweusi, mkubwa wa zizi lile, akapumua kwa nguvu kama vile ameulizwa yeye.

"Na hawa?"

"Wa mtu."

"Mzee wangu," Gregory akasema, na hakusema kwa dharau, "tangu juzi nimepita nyumba nyingi. Kila zizi ninaloingia ng'ombe ni wa mtu. Mpaka najiuliza huyo mtu ni nani, mbona hajaja barazani tumpe uchifu."

Nilicheka, nikaficha uso ubavuni mwa ng'ombe. Baba naye akatabasamu kidogo.

"Ni kweli ni wa mtu," akasema.

"Mtu hana jina?"

"Jina analo. Mimi sina ruhusa nalo."

Gregory akakuna kichwa. Nilimtazama vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeambiwa uongo kila siku na sasa ameletewa ukweli unaofanana nao kabisa.

"Basi fanya hivi," akasema mwishowe. "Kikao cha masomo ni mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza, pale Tinde. Mlete mwenye ng'ombe asimame mbele ya wazee, aseme kwa kinywa chake kwamba ni wake. Nitawafuta hawa wote kwenye jina lako, na Cornel atakwenda. Asipokuja, sina la kufanya. Nikimlipia mwenye zizi kama hili, watanifukuza kazi, na watakuwa na haki."

Alikunywa maziwa, akashukuru, akapanda baiskeli yake.

* * *

Mwenye ng'ombe alikuwa Mabula, mchimbaji wa hukohuko Geita. Yeye na baba walilala chumba kimoja mgodini walipokuwa vijana, kabla baba hajaacha kazi kwa sababu ya kifua. Mabula hakuacha. Kila alipopata fedha alinunua ng'ombe, akamleta kwetu, akarudi shimoni na viraka vyake.

Siri yake haikuwa ya kumkimbia karani. Alikuwa akimkimbia kaka yake. Kaka yake, Mageni, ndiye aliyekuwa mwanangwa wa upande wetu, mkuu wa kijiji, na mtu wa kutoa. Alimhurumia sana Mabula kwa kuwa Mabula alimwambia kila mwaka kwamba mgodini hakuna kitu ila vumbi. Mageni alikuwa na wana wengi wa kuoza. Angejua mdogo wake ana ng'ombe, asingemwacha alale.

Na Mageni alikaa barazani. Kwa hiyo kusema mbele ya baraza kulikuwa ni kusema sikioni mwa Mageni.

Jioni ile mama aliweka chungu chini, akakaa.

"Tuseme Mabula amekubali," akasema. "Mageni akijua, ng'ombe watalala kwetu siku nyingine ngapi?"

"Hata moja," baba akasema.

"Na maziwa yatakwenda nao."

"Yatakwenda."

Mama akanitazama mimi, maana maziwa yalikuwa kazi yangu. Nilipomaliza darasa la nne nilibaki nyumbani kutikisa vibuyu, na samli niliyoitoa iliuzwa Tinde ikamlipia Cornel miaka yake yote ya shule ya kati. Sikuwahi kuona nimeporwa kitu. Nilipenda ile kazi, na nilipenda pia kujua kwamba kila alipojifunza neno jipya huko, ndani yake mlikuwa na mtikiso wangu kidogo.

"Klara, unasemaje?"

"Samli imekwisha kutufaa vizuri, mama," nikasema. "Ilikuwa ni kwa ajili yake tangu mwanzo."

"Basi nenda na baba yako Geita. Akikutana na Mabula peke yake watazungumza ng'ombe mpaka lori liondoke. Umkumbushe alichofuata."

* * *

Tulipanda treni Shinyanga mpaka Mwanza, tukavuka kwa pantoni, tukamalizia kwa lori lililobeba magunia ya unga wa wachimbaji. Baba alikohoa njia nzima kwa vumbi, lakini alikuwa na furaha. Kila kilima alikijua.

Tulimkuta Cornel zahanati. Kwenye benchi nje walikaa wanaume wazima wamefungwa vitambaa mashavuni, kimya kama watoto walioitwa na mwalimu. Nilisimama dirishani nikamtazama akifanya kazi. Alilitoa koleo kwenye maji yaliyochemka, akaliacha lipoe kidogo, kisha akamwekea mgonjwa mkononi.

"Lishike kwanza," akamwambia.

"Nilishike la nini? Unang'oa wewe au mimi?"

"Ulijue. Chuma cha moto kidogo hakitishi kama cha baridi. Kwenu wapi?"

"Ngara."

"Fungua. Ngara sehemu gani?"

Yule mtu alijaribu kujibu kinywa kikiwa wazi, na jino likatoka katikati ya jina la kijiji chao.

Alipomaliza alikuja akatusalimia, akamshika baba mkono kwa mikono miwili. Tulipomweleza habari ya karani alifuta koleo kwa kitambaa. Aliwatazama watu wa benchi.

"Dada, unajua mimi najua kung'oa tu?" akaniambia. "Yule wa Ngara jino lake halikuwa la kung'oa. Lilikuwa na tundu dogo, kuna watu wanajua kuliziba. Mimi nimemng'oa kijana jino zima kwa sababu sijui. Kila siku nafanya hivyo. Ni kama kubomoa nyumba kwa sababu mlango umelegea."

"Unafikiri Mabula atakubali?" baba akauliza.

Cornel akacheka. "Huyo? Huyo ana jino bovu tangu masika, ananipita hapa ameweka karafuu shavuni, anasema hawezi kumfungulia kinywa dresa. Akitaka kufungua kinywa, atamfungulia mtu aliyesoma."

"Basi akusaidie usome," nikasema.

"Mwambie wewe. Mimi nikimwambia ataona namtishia kwa koleo."

Tulimkuta Mabula jioni ile, jua bado halijazama, kwa Mwaisha. Mwaisha alikuwa mama wa Tabora aliyepikia wachimbaji chini ya paa la madebe. Mwili wake ulikuwa mdogo, sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa.

"Mnamtafuta Mabula?" akatuuliza. "Huyo hapo, nyuma ya nguzo, anakula mchuzi bila nyama. Mabula! Wageni! Au nao utawaambia huna mfuko?"

"Mwaisha, niache, jino linaniuma."

"Jino linakuuma kila nikileta bakuli la mchango. Shikamoo, mzee. Karibu, binti. Kaeni, ugali huu nawapa mimi, maana huyu hana hata chumvi, maskini. Angalia hiyo kofia. Kuku angeikataa kutagia."

Watu wakacheka. Mabula naye alicheka, akishika shavu. Nilimwangalia na nikaona kwamba hakuumia hata kidogo kwa yale maneno. Aliyapenda. Alikuwa amekaa ndani ya umaskini wake kama mtu aliyekaa ndani ya blanketi.

Mwaisha alipotuacha, Mabula alimsogelea baba, akashusha sauti.

"Mwenye madoa amezaa?"

"Amezaa. Jike."

"Rangi?"

"Kama mama yake. Ila ana alama nyeupe hapa." Baba akagusa paji la uso.

"Aah." Mabula akafumba macho. "Na yule mwekundu mkaidi?"

"Ametulia. Klara anamkama sasa bila kumfunga miguu."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kuona mtu anauliza habari za ng'ombe kwa njaa namna ile. Nilisubiri. Sikuona haraka. Walipofika kwenye fahali mweusi, nikamgusa baba kiwiko.

Baba akasema alichotumwa kusema, chote, bila kupamba. Mabula alisikiliza, na uso wake ukajifunga taratibu.

"Valerian, wewe ni ndugu yangu," akasema. "Cornel ni mwanangu. Lakini unaniambia nikasimame mbele ya Mageni? Mtu aliyenipelekea mtama mwaka wa njaa? Aliyeuza mbuzi akaninunulia blanketi? Nitaiweka wapi sura yangu?"

"Sijui," baba akasema. "Nimekuomba. Ukikataa, ng'ombe watabaki kwangu na jina lako litabaki kwangu."

"Nimekataa, ndugu yangu. Unisamehe."

"Haya."

Na baba angeondoka hivyo hivyo. Ndivyo alivyo. Mimi nilibaki nimekaa. Sikuwa na maneno ya kumshinda mtu mzima, wala sikuyatafuta. Nilikuwa nakumbuka tu kitu nilichokiona mwaka ule, na niliona ni haki yake kukijua.

"Baba mdogo," nikasema, "mwaka huu fahali wako ameimbwa."

Akageuka. "Ameimbwa wapi?"

"Ngomani Tinde, baada ya mavuno. Vikundi viwili vilikuwa vinashindana. Yule manju wa upande wa juu alimwona fahali anapelekwa kunywa, akamtungia wimbo papo hapo. Watu wakauacha upande wa chini, wakaja kumsikiliza yeye."

"Alisema nini?"

"Alisema fahali yule akisimama njiani, jua linachelewa kuchomoza."

Mabula akaacha bakuli. Midomo yake ikayarudia yale maneno bila sauti. Kisha nikaona kitu kingine kinapita usoni pake, polepole.

"Alimtaja mwenye fahali?"

"Alimtaja."

"Nani?"

Nikamtazama baba. Baba akatazama chini.

"Valerian," nikasema. "Walimwimba Valerian mwenye fahali. Baba alitaka kukimbia lakini wanawake walimzunguka, wakampigia vigelegele. Mpaka sasa watoto wakimwona baba njiani wanauimba."

Nje Mwaisha alikuwa anagombana na mtu juu ya sahani.

"Vigelegele," Mabula akasema.

"Sikuweza kuwakataza," baba akasema kwa aibu. "Ningewaambia nini? Nisingeweza kutaja jina."

"Hapana. Usingeweza." Mabula akatoa karafuu shavuni, akaitazama, akairudisha. "Nilimtoa Bugarama kwa miguu, ndama bado. Mvua ikanyesha, nikambeba mabegani kuvuka mto. Mabegani, Klara!"

"Najua, baba mdogo. Wewe ndiye uliyetusimulia."

"Nimewasimulia ninyi. Nani mwingine anajua?"

Akainuka, akatoka. Asubuhi tulipopanda lori alikuwa shimoni. Hakuacha ujumbe wowote, na safari nzima ya kurudi baba hakuniuliza kwa nini nimesema vile. Tulipofika pantoni tu ndipo aliposema, akiangalia maji, "Kweli haikuwa haki, ule wimbo kuwa wangu."

* * *

Jumamosi ya kikao watu walikuwa wengi. Wazee wa baraza walikaa kwenye viti, Mageni akiwa wa pili kutoka mwisho, mnene, usinga magotini. Gregory alisimama kando akisoma majina. Baba, mama na mimi tulikaa mkekani karibu na ukuta. Nilikuwa nikitazama njia ya Shinyanga mpaka macho yakauma.

Waliitwa wawili, wakakataliwa. Kisha Gregory akasema, "Cornel wa Valerian. Meno. Dar es Salaam." Akatuangalia. Nafikiri alitamani kweli tuwe na mtu. "Mzee Valerian, mwenye ng'ombe amekuja?"

Baba akasimama. "Hajafika."

"Tumsubiri?"

"Siwezi kusema kwamba atakuja."

Mmoja wa wazee akasema zizi linajulikana, fahali anajulikana, mpaka wimbo upo, wanasubiri nini? Watu wakacheka. Gregory akafungua kalamu. Mama alinishika mkono.

"Ngoja, karani!"

Sauti ilitoka nyuma ya watu. Mabula aliingia akiwa na viatu vizito vya mgodi na ile kofia yake, shavu limevimba upande mmoja, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameshuka kwenye lori wakati huo huo. Akapita katikati bila kumwangalia mtu yeyote, akasimama mbele.

"Mnanijua. Mimi ni Mabula. Ng'ombe walioko kwa Valerian ni wangu."

Mageni aliinua usinga, akausahau hewani.

"Wote?" Gregory akauliza.

"Isipokuwa wa pembe moja. Huyo ni wa Valerian. Fahali mweusi ni wangu. Wimbo ule ni wangu. Nilimnunua Bugarama kwa Wasumbwa, mama yake alikuwa mweusi wa tumbo jeupe, nikambeba mabegani kuvuka mto. Mwekundu mkaidi ni wangu, babu yake..."

"Inatosha, mzee, nimeandika."

"Hujaandika, sijafika kwa mwenye madoa. Mwenye madoa amezaa jike lenye alama hapa. Andika na alama."

Sasa watu wote walikuwa wanacheka, na Mabula alikuwa anazidi kusimama wima. Aliwataja mmoja mmoja kwa rangi na kwa mama zao. Gregory alijaribu mara nyingine kumzuia, akaacha, akawa anasikiliza kalamu ikiwa hewani. Alipomaliza, Mabula alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Ndipo Mageni alipozungumza.

"Mabula."

"Naam, kaka."

"Mwaka wa njaa nilikuletea mtama."

"Uliniletea. Ulikuwa mtamu sana."

"Nikauza mbuzi nikakununulia blanketi."

"Ninalo mpaka leo, kaka."

"Ukaniambia dhahabu wanachukua Wazungu, wewe unapata vumbi."

"Vumbi nalo nilipata. Si unaliona?"

Mwanamke mmoja aliyesimama mlangoni alicheka mpaka akakaa chini. Mageni alijitahidi kukunja uso, tumbo lake likawa linatikisika kabla ya midomo, halafu naye akashindwa.

"Kikao hiki ni cha masomo," akasema alipoweza. "Habari ya blanketi tutaimaliza nyumbani, na tutaimaliza vizuri, kwa sababu wanangu wawili wanataka kuoa. Karani, ng'ombe hao ni wa ndugu yangu. Nathibitisha, maana hakuna mtu anayeweza kujitungia aibu kama hii. Futa jina la Valerian."

Gregory akafuta. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, siku ile ungenitajia tu jina, nisingemwambia mtu."

"Leo umelisikia kwa mwenyewe," baba akasema. "Ndiyo bora."

Wazee waliinamiana, hawakuchukua muda. Walikubali kumlipia Cornel miaka yote miwili, karo, chakula na vyombo, kwa sharti kwamba akimaliza arudi kufanya kazi Shinyanga, asije akanogewa na meno ya watu wa pwani. Baba aliahidi kwa niaba yake. Mama alipiga kigelegele kimoja tu, kirefu.

* * *

Ng'ombe waliondoka kwetu kabla wiki haijaisha. Mageni alisema haiwezekani mali ya mdogo wake ilale ugenini hali yeye ana zizi. Vijana wake walikuja kuwaswaga, na Mabula mwenyewe alitangulia na fahali mweusi, wakapitia katikati ya Tinde ingawa si njia fupi. Watu walitoka majumbani kuwatazama. Manju aliwapokea njiani, na safari hii jina aliloimba lilikuwa la Mabula.

Lakini kabla hawajatoka zizini, Mabula alimshika yule ndama wa alama nyeupe, akamvuta pembeni, na mama yake mwenye madoa akamfuata mwenyewe.

"Hawa nimewaacha," akamwambia baba.

"Ni mtamba mmoja anayetolewa, Mabula. Hawa ni wawili."

"Mmoja ni wa kuchunga. Mwingine ni wa kunyamaza."

Kesho yake niliamka saa ile ile niliyozoea, nikakama wawili tu, nikamaliza jua likiwa bado halijatoka. Zizi lilikuwa kubwa mno. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikakaa juu ya gogo la mlangoni nikasikiliza, kisha nikachukua jembe nikaenda kuongeza shamba la pamba upande wa samadi ya zamani, ambako ardhi ilikuwa nyeusi na laini. Pamba ile ilitoka vizuri.

Cornel alipita kutuaga baada ya Krismasi. Tulimsindikiza stesheni Shinyanga. Alikuwa amebeba sanduku la mbao na kibuyu kidogo cha samli ya mwenye madoa, na treni lilipoanza kwenda alikuwa bado anamweleza mama kwamba Dar es Salaam samli ipo.

Alipomaliza masomo alirudi kama baba alivyoahidi, akapewa chumba chake hospitali ya Shinyanga, na Jumapili yake ya kwanza alikuja nyumbani. Mabula alikuwa amefika kabla yake. Amekaa uani juu ya kigoda, kofia mpya kichwani, karafuu shavuni, na Mageni amekaa karibu naye ili asikimbie.

"Haya, mtu aliyesoma," Mabula akasema. "Leo nafungua."

Cornel akamgeuzia uso juani, akatazama, akagonga hapa na pale kwa kijiti cha chuma.

"Hili la karafuu limekufa, baba mdogo, litatoka. Nitakuchoma sindano kwanza, hutasikia. Lakini jirani yake limeanza tundu. Hilo silitoi. Njoo Jumatatu nilizibe, litadumu mpaka likuzike."

"Linazibwaje?"

"Kuna dawa inagandishwa, inakuwa ngumu kama jiwe."

"Rangi gani?"

"Kama fedha iliyofifia."

Mabula akafunga kinywa, akafikiri sana.

"Haiwezekani kuziba kwa dhahabu?" akauliza. "Hii yetu ya Geita? Liwe linaonekana nikicheka."

Mageni alipiga paja. "Msikieni mtu wa vumbi!"

Nilikuwa zizini, nakama. Yule ndama wa alama nyeupe alikuwa ng'ombe mzima sasa, na siku ile alikuwa anakamwa kwa mara ya kwanza. Alitaka kupiga teke kwa sababu ya kicheko chao, nikamwekea mkono tumboni mpaka akatulia.